Je, Wajua? Msimbo ni wa Wote, Jina Lina Mwenyewe

Je, wajua kwamba Tala ya kwenye simu ilikuja Kenya kwa jina jingine? Mwaka 2014 kampuni ya Marekani ya InVenture, iliyoanzishwa na Shivani Siroya huko California, ilianza kuwakopesha Wakenya kupitia programu iliyoitwa Mkopo Rahisi. Jina la Tala likaja baadaye. Wakazi wa Tala ya Matungulu, ule mji unaoufikia kwa barabara ya Kangundo ukishapita Ruai, Kamulu, Joska na Malaa, hawakuulizwa chochote, wala hakuna sheria iliyosema waulizwe.

Je, wajua kwamba sheria ya Kenya huyatilia shaka majina ya mahali? Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, haikubali kirahisi neno ambalo kwa maana yake ya kawaida ni jina la mahali au la ukoo. Mwombaji sharti athibitishe kwamba wateja wamelizoea neno hilo kuwa ni lake. Ndiyo maana kinyozi, hoteli na duka la mabati wote wanaweza kujiita Tala sokoni hapo bila kupelekana kortini.

Lakini leo tuzungumzie majina yenye vita vikali zaidi: majina ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na hata kuuuza.

Je, wajua kwamba ruhusa hiyo haihusu jina? Leseni ya Apache toleo la 2.0, iliyotolewa mwaka 2004, inalisema wazi katika kifungu cha 6: umepewa msimbo, hukupewa alama za biashara. Hapa Kenya mambo haya mawili yana hata ofisi tofauti. Hakimiliki ya msimbo ni kazi ya bodi ya KECOBO, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 programu ya kompyuta ni kazi ya fasihi, kundi moja na riwaya na mashairi. (Aliyewahi kusoma msimbo wa kijana anayejifunza saa nane za usiku atajiuliza wabunge walikuwa wanawaza nini.) Jina na nembo husajiliwa kwingine, KIPI, taasisi ya mali ya viwandani iliyo South C, Nairobi.

Je, wajua kwamba mojawapo ya programu mashuhuri za kujengea tovuti duniani ina jina la Kiswahili, na kwamba jina hilo lilizaliwa na ugomvi?

Programu ya awali iliitwa Mambo. Ilianzia katika kampuni ya Miro International ya Australia, ikawekwa huria, na kufikia mwaka 2005 iliendelezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika katika nchi nyingi. Jina lilibaki kuwa alama ya biashara ya Miro. Agosti mwaka huo Miro ikaunda Wakfu wa Mambo, ikisema lengo ni kuufadhili mradi na kuukinga na kesi. Waandishi wa programu walipousoma muundo wa wakfu huo waliona mambo mawili: makubaliano yaliyofikiwa na kamati ya uongozi yamekiukwa, na wao wenyewe hawakushauriwa. Tarehe 17 Agosti 2005 wakajitoa.

Waliondoka na nini? Na msimbo wote. Leseni ya GPL iliwaruhusu kuuchukua hadi herufi ya mwisho, na Miro haikuwa na la kufanya. Kitu pekee walichokiacha nyuma ni neno Mambo. Kiongozi wao, Andrew Eddie, aliandika barua ya wazi, na ndani ya siku moja watu wapatao 1,000 wakawafuata. Kesho yake akawaomba wafuasi wapendekeze jina jipya. Mapendekezo yalipokuja, timu ikayaweka yote kando na kuchagua la kwake: Joomla!, yaani jumla kwa tahajia ya Kiingereza, kwa maana ya sote kwa pamoja. Ni kweli, jina la "sote kwa pamoja" lilichaguliwa na wachache. Walau nembo ilipigiwa kura na umma. Jina lilitangazwa tarehe 1 Septemba na toleo la kwanza likatoka tarehe 16, hata mwezi mmoja haujatimia tangu wajitenge.

Mambo ilibaki na jina, ikapungukiwa na watu. Mwaka 2008 kundi jingine likajitoa na kuanzisha MiaCMS. Nao wa Joomla? Mapema kabisa waliunda shirika lisilo la faida, Open Source Matters, likabidhiwe jina lao jipya, na leo ukitaka kulitumia neno Joomla katika jina la biashara yako au anwani ya tovuti yako utaomba idhini kwao. Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi naona walijifunza somo lililowagharimu.

Je, wajua kwamba ugomvi wa namna hii Ukambani unaeleweka bila kufundishwa? Mwethya, kikundi cha kuchimba matuta na kusaidiana shambani, kikigawanyika, jembe kila mtu hurudi nalo kwake. Kinachopelekwa kwa chifu ni cheti cha usajili, muhuri na kitabu cha benki. Nani alichaguliwa, nani anatia sahihi, nani akitoka anabaki na jina. Katika programu huria msimbo ndilo jembe: hakuna anayeweza kumzuia mwingine kuondoka nalo. Kwa hiyo mamlaka yote hukimbilia kwenye jina, na ukitaka kujua mradi unatawaliwa na nani, usisome hotuba za uongozi, tafuta alama ya biashara imeandikishwa kwa nani.

Je, wajua kwamba jina la Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, liliwahi kuwa mali ya mtu ambaye hakuiunda? Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na yeye mwenyewe alitaka kuiita Freax. Agosti 1994 Mmarekani aitwaye William Della Croce, wa Boston, aliomba kusajili neno Linux kama alama yake, na mwaka uliofuata akasajiliwa. Mwaka 1996 kampuni zilizokuwa zikijipatia riziki kwa Linux zilianza kupokea barua za kudai asilimia 10 ya mauzo. Torvalds na wenzake walipinga, na mwaka 1997 wakamalizana kwa mapatano: alama ikahamishiwa kwa Torvalds. Jamii nzima ya wataalamu ilikuwa na msimbo wazi mbele ya macho yake, na hakuna aliyekuwa akiliangalia daftari la majina.

Je, wajua kwamba Firefox ni jina la tatu? Mwaka 2002 kivinjari hicho kiliitwa Phoenix, jina likapingwa na kampuni ya Phoenix Technologies. Kikaitwa Firebird, na hapo wakalalamika watu wa hifadhidata huria iliyokuwa tayari na jina hilo. Februari 2004 kikawa Firefox.

Mozilla, wenye Firefox, waliohangaishwa hivyo, wakaja kuwa wakali kwa zamu yao. Debian, mfumo huria unaoendeshwa na watu wa kujitolea, ulikuwa ukisambaza Firefox bila nembo yake, kwa sababu picha ya nembo haikuwa na leseni huria, na ulikuwa ukirekebisha msimbo bila kuomba ruhusa. Mwaka 2006 Mozilla ikasema: bila nembo na bila idhini ya marekebisho, hakuna kutumia jina. Debian haikubishana sana. Ikachukua kivinjari kilekile, ikakibatiza Iceweasel, na kwa miaka 10 watumiaji wa Debian walifungua Firefox isiyoitwa Firefox. Jina lilirudi mwaka 2016.

Je, wajua kwamba Debian ina katiba? Tangu 1998. Kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka kwa kura za wanachama, na katiba imempa mamlaka madogo kiasi kwamba gavana yeyote wa kaunti angekataa kazi hiyo.

Python nayo iliongozwa kwa miongo karibu mitatu na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, aliyepewa cheo cha utani cha dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, akiwa amechoshwa na mabishano juu ya pendekezo moja la sarufi ya lugha hiyo ya kompyuta, alijiuzulu. Waliobaki waliandika utaratibu wa baraza la watu 5, wenye sharti ambalo vyama vyetu vya ushirika vingefaidika nalo: wasizidi 2 walioajiriwa na mwajiri mmoja.

Je, wajua kwamba programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika katika nchi nyingi ina mizizi yake Bonde la Ufa? Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Matibabu ya virusi vya UKIMWI yalipopanuka, mfumo huo mdogo ukalemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari kutoka Indiana, waliofika Eldoret kusaidia, waliamua kuujenga upya, na mwaka 2006 OpenMRS ikaanza kazi Eldoret. Leo mtu yeyote anaweza kuichukua. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Lakini kila faili la msimbo wa OpenMRS lina mistari michache juu kabisa inayokukumbusha kwamba OpenMRS ni alama iliyosajiliwa ya OpenMRS Inc., shirika lisilo la faida la Marekani.

Hali ni hiyohiyo kwa DHIS2, mfumo ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 kwa ajili ya takwimu za afya. Msimbo ni huria, jina ni la Chuo Kikuu cha Oslo. Hakuna aliyeiba chochote hapa. Wauguzi wa Kenya waliifanyia majaribio, wataalamu wa Kenya waliirekebisha, na bado cheti cha jina kiko Norway. Sidhani ni dhambi, ila ni jambo la kuulizwa katika kikao.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilikuwa na ofisi yake ya kompyuta mapema hivyo? Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za kuandikia na kupigia hesabu zenye menyu za Kiswahili. Wafasiri hao hawakujua kwamba jina walilolitafsiria lingepiganiwa.

Kisa kilikuwa hivi. Mwenye OpenOffice.org alikuwa kampuni ya Sun Microsystems. Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun. Tarehe 28 Septemba mwaka huo wachangiaji wakuu wakatangaza wakfu wao, The Document Foundation, na programu yao wakaiita LibreOffice. Jina hilo walilitoa kwa muda tu, wakitumaini Oracle ingewapa lile la zamani. Oracle haikutoa. Badala yake iliwaambia wajumbe wa baraza la OpenOffice waliojiunga na wakfu huo waondoke barazani, na mwaka 2011 ikaupeleka mradi na jina kwa Wakfu wa Apache. Watu walikuwa wameshahama. Ukiingia saiba yenye kompyuta za Linux leo, utakayoikuta ni LibreOffice, lile jina la muda.

Brazil hata hawakuwahi kuiita OpenOffice kwa amani. Kampuni moja ya Rio de Janeiro ilikuwa na jina hilo tayari, wakalazimika kusema BrOffice.

Oracle tena: waandishi wa Hudson, programu ya kukagua msimbo, waliposikia kwamba kampuni hiyo inadai jina, walipiga kura Januari 2011. Kura 214 dhidi ya 14 zikaamua kuhama. Sasa ni Jenkins.

Oracle mara ya tatu: hifadhidata ya MySQL ilipewa jina la binti wa mwanzilishi wake Michael Widenius, aitwaye My. Sun iliinunua MySQL mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, na Sun ilipomezwa, jina la binti likaenda nalo. Baba alikuwa ameshanakili msimbo na kuanza upya kwa jina la binti mdogo, Maria. Ndiyo MariaDB. Mtoto wa kiume, Max, alikuwa ameshapewa MaxDB.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 tovuti nyingi zilijikuta katikati ya kesi ya jina bila wenye tovuti kujua? WordPress ndiyo iliyobeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, zikiwemo nyingi za shule, makanisa na magazeti ya hapa kwetu. Ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, kutokana na msimbo wa programu iliyotangulia iitwayo b2. Mwaka 2010 kampuni ya Mullenweg, Automattic, ilikabidhi alama ya WordPress kwa Wakfu wa WordPress, na jamii ikashangilia. Ambacho wengi hawakukiangalia ni kwamba haki ya kulitumia jina hilo kibiashara ilirudishwa kwa Automattic kwa leseni ya kipekee.

Septemba 2024 Mullenweg aliishambulia hadharani WP Engine, kampuni kubwa ya kuhifadhi tovuti za WordPress, akaifananisha na saratani. Malalamiko yake: inavuna sana, inachangia kidogo, na inawachanganya wateja kwa jina. Automattic ikaitaka itoe asilimia 8 ya mapato yake. WP Engine ikakataa. Tarehe 25 Septemba ikafungiwa seva za WordPress.org, ambako tovuti huchukua masasisho, na wateja wake wakajikuta hawawezi kusasisha tovuti zao kwa ugomvi usiowahusu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba WordPress.org haiko chini ya wakfu wala kampuni. Ni ya Mullenweg mwenyewe.

WP Engine ilikwenda mahakamani California tarehe 2 Oktoba. Siku chache baadaye kila aliyetaka kuingia WordPress.org ilibidi aweke alama kwenye kisanduku kuthibitisha kwamba hana uhusiano wowote na WP Engine. Kisha programu-jalizi ya WP Engine inayopendwa sana, ACF, ikachukuliwa ndani ya WordPress.org na kupewa jina jipya. Katikati ya hayo Automattic iliwaambia wafanyakazi wasiokubaliana na msimamo wake kwamba wanaweza kuondoka kwa malipo, na 159 wakaondoka. Tarehe 10 Desemba Jaji Araceli Martínez-Olguín akatoa amri ya muda: milango ifunguliwe, kisanduku kiondolewe. Kiliondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na kingine, kikikutaka ukubali kwamba nanasi juu ya piza ni tamu. Huyo Mullenweg ndiye mlinzi wa mlango wa asilimia 40 ya tovuti za dunia, na amri ile ya jaji haikumvua funguo.

Je, wajua kwamba si kila mara mkubwa hushinda? Mwaka 2013 kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kulisajili neno Python barani Ulaya. Wakfu wa Python uliwaomba watumiaji wa Ulaya barua za ushahidi, na mwaka huohuo kampuni ikarudi nyuma. Novemba 2014 kampuni ya Groupon ilikuwa na maombi 28 ya jina Gnome kwa ajili ya mashine za dukani. Mradi huria wa GNOME, uliokuwa na jina hilo tangu miaka ya 1990, uliomba umma mchango wa dola 80,000 za mawakili. Groupon ikayaondoa maombi kabla wiki haijaisha.

Je, wajua haya ya haraka haraka? Safari, kivinjari cha Apple kilichotangazwa Januari 2003, kilijengwa juu ya KHTML, msimbo huria wa jamii ya KDE. Mojaloop, mfumo huria wa malipo uliotolewa mwaka 2017 kwa ufadhili wa Wakfu wa Gates, imebeba "moja" yetu. Ubuntu ni alama ya Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliyowahi kuwatumia watu CD za bure hadi mlangoni: gawa CD upendavyo, lakini ukiubadilisha mfumo na kuusambaza, ama uombe ruhusa ama uyaondoe majina yake. Na kampuni moja ya Uingereza iliyotaka kulisajili neno Kikoy huko kwao ilipingwa na watetezi wa wafumaji wa Kenya hadi ikaliacha ombi lake mwaka 2008. Disney haikuiachia Hakuna Matata: iliiombea usajili Marekani mwaka 1994 na kuupata 2003, na sahihi za malalamiko zilipomiminika mwaka 2018 alama ilikuwa na umri wa miaka 15.

Je, wajua inavyokwenda KIPI? Ombi likikubaliwa, hutangazwa katika jarida la taasisi hiyo, na mwenye pingamizi ana siku 60. Zikipita kimya, alama husajiliwa kwa miaka 10, ambayo huongezwa tena na tena mradi ada ilipwe. Alama isiyotumika miaka 5 mfululizo inaweza kuombewa ifutwe. Kijana wa Tala aliyeandika programu na wenzake watatu anaweza kusajili alama ya programu hiyo kwa jina lake, kwa jina la kampuni, au kwa jina la kikundi kilichoandikishwa, na afisa wa dirishani hatamuuliza wenzake wanasemaje. Wenzake wana zile siku 60. Jarida liko kwenye tovuti ya KIPI, na kulisoma ni bure.